Köln, Düsseldorf, Mainz au Rottweil: uende wapi kabla ya Kwaresima?

Wageni wengi wanaotaka kuiona kanivali ya Ujerumani huuliza kwanza ipi ni kubwa zaidi. Jibu ni Köln, lakini jibu hilo halimsaidii mtu kuchagua. Miji hii minne hufanya mambo manne tofauti. Köln inakutaka uingie ndani ya sherehe, na ukisimama pembeni na simu ya kupigia picha utachoka kabla ya adhuhuri. Düsseldorf inakupa kitu cha kutazama na kubishania. Mainz huketi ukumbini kusikiliza mashairi ya kuwasema wakubwa. Rottweil, kule kusini-magharibi, haikungojei wewe: wenyeji wanafanya yao, nawe unakaribishwa kushuhudia. Kwa hiyo amua kwanza kama unataka kucheza au kutazama, kisha chagua siku, na mji uwe wa mwisho. Siku ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Alhamisi ya Köln na Jumapili ya Köln hazifanani hata kidogo.

Tarehe kwanza

Kila kitu huhesabiwa kutoka Pasaka. Jumatano ya Majivu huangukia siku 46 kabla ya Jumapili ya Pasaka. Rosenmontag, Jumatatu ya magwaride makubwa, ni siku mbili kabla ya Jumatano hiyo. Mwaka 2027 Rosenmontag ni tarehe 8 Februari, na mwaka 2028 ni tarehe 28 Februari. Kwenye bonde la mto Rhine sherehe za mitaani huanza Alhamisi iliyotangulia, Weiberfastnacht, siku ya wanawake, saa 5 na dakika 11 asubuhi. Kwenye ratiba utaona 11:11, kwa sababu 11 ndiyo namba ya kanivali: baraza la wapumbavu lina watu 11, na msimu hufunguliwa tarehe 11 Novemba saa hiyohiyo, halafu hutulia kupisha Majilio na Krismasi. Kusini hawana habari sana na Novemba. Wao huanza tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, kwa kupangusa vumbi kwenye barakoa zilizolala mwaka mzima.

Rosenmontag si sikukuu ya kisheria. Hata hivyo, Köln, Düsseldorf na Mainz shule na kampuni nyingi hufungwa, na ofisi nyingi za jiji vilevile. Mwenye miadi ya kibali cha ukaazi aiangalie tarehe yake mapema. Ukiwa Berlin au Hamburg, siku hiyo watu wako kazini kama kawaida, na hakuna utakachokiona.

Köln: mji wa kucheza

Kanivali ya Köln kwa sura yake ya leo ilipangwa mwaka 1823, wakati mji ukiwa chini ya utawala wa Prussia, na gwaride la kwanza la Rosenmontag lilipita mwaka huohuo. Vikosi vya "askari" wanaopita na bunduki za mbao, Rote Funken wakiwa wa kwanza wao, ni dhihaka kwa askari wa zamani wa mji na kwa ukakamavu wa kijeshi kwa jumla. Ukijua hilo utaelewa kwa nini askari hao husuguana makalio badala ya kupiga saluti. Watawala wa msimu ni watatu: Mwana wa Mfalme, Mkulima na Bikira, na huyo Bikira kwa desturi huchezwa na mwanamume.

Gwaride la Rosenmontag huanza saa 4 asubuhi na huchukua saa kadhaa kupita sehemu moja. Kutoka kwenye magari hurushwa pipi, chokoleti na maua madogo. Ukitaka pipi piga kelele "Kamelle!", ukitaka ua sema "Strüßjer!". Salamu ni "Kölle Alaaf!", nawe unaitikia "Alaaf!". Beba mfuko wa kitambaa wenye mdomo mpana. Wako wanaogeuza mwavuli juu chini ili kukinga pipi. Unakusanya nyingi kweli, lakini unamziba mtoto aliyesimama nyuma yako, na ncha za mwavuli zina hatari kwa macho. Kosa baya zaidi ni kuinama kuokota pipi karibu na gurudumu. Ndiyo maana kila gari husindikizwa na walinzi wanaotembea kando ya magurudumu. Kilichoanguka karibu nao kiache. Pipi nyingine zinakuja.

Bila vazi la kanivali utajiona mgeni, maana karibu kila mtu amevaa. Si lazima liwe la gharama, ila lazima litoshee juu ya koti. Nunua namba moja au mbili zaidi ya kipimo chako, kwa sababu Februari mara nyingi joto ni nyuzi chache tu juu ya sifuri, na mvua haishangazi mtu. Silaha za bandia zinazofanana na za kweli ziache nyumbani. Polisi huomba hivyo kila mwaka.

Sasa suala la siku. Alhamisi ndiyo siku ambayo vijana wote hutaka kuwa Köln, na kwa mgeni wa mara ya kwanza ndiyo siku mbaya zaidi. Alter Markt, uwanja wa mji wa kale, hujaa asubuhi na vizuizi hufungwa. Zülpicher Straße, mtaa wa wanafunzi, huhimili umati ambao hauwezi tena kusogea, chupa za vioo hupigwa marufuku, na kufika saa 8 mchana watu wengi wamelewa. Siku hiyohiyo wanawake hukata tai za wanaume. Ukiwa kazini vaa tai ya bei ndogo au usivae kabisa. Desturi hii ya siku ya wanawake ilianzia Beuel, ng'ambo ya mto kutoka katikati ya Bonn, ambako wanawake wafuaji nguo waliunda kamati yao mwaka 1824. Bonn wasikilizaji wa Kiswahili wanaijua kwa sababu ya Deutsche Welle. Anayeitaka Alhamisi bila msongamano wa Köln aende Beuel.

Siku bora ya Köln ni Jumapili. Ndiyo siku ya Schull- un Veedelszöch, gwaride la shule na la mitaa. Hakuna magari makubwa ya matangazo. Wanaopita ni wazazi, walimu na majirani waliokesha wakishona mavazi yao wenyewe, na vikundi vinavyofanya vizuri hupewa nafasi ya kupita tena Rosenmontag. Nafasi ya kusimama hupatikana, watoto wanaona, na anayerusha pipi humtazama usoni anayemrushia. Kama una siku moja tu, ichukue hiyo.

Na ukiweza kubaki hadi Jumanne usiku, tafuta baa ya mtaani yenye mdoli wa nguo kuukuu na majani makavu uliotundikwa juu ya mlango. Huyo ni Nubbel. Usiku wa kuamkia Jumatano ya Majivu hushushwa, hubebwa kwa mishumaa na vilio vya mazishi, kisha mtu aliyevaa kama padri husoma mashtaka: nani alikunywa pesa zote za mshahara, nani aliisaliti ndoa yake? Umati hujibu kwamba ni Nubbel, na mdoli huchomwa moto. Asubuhi yake wengi huenda kanisani kupakwa majivu, na jioni hula samaki.

Katika baa za Köln bia huja kwenye bilauri nyembamba ya mililita 200. Mhudumu, anayeitwa Köbes, haulizi: bilauri ikiisha huleta nyingine na kuchora mstari kwenye kikaratasi kigumu cha mezani. Umetosheka? Weka kikaratasi hicho juu ya bilauri. Busu la shavuni, Bützchen, ni desturi ya siku hizo, lakini huombwa kwa macho na hukataliwa bila ugomvi. Anayelazimisha hafanyi desturi yoyote. Wanawake wanaosumbuliwa watafute alama ya EDELGARD, mpango wa mji wa kuwapa hifadhi na msaada.

Wimbo ni nusu ya sherehe. Nyimbo ni za lahaja ya Kölsch, na kila mtu anazijua. Kuanzia Januari huwa na jioni za kuimba pamoja kwenye baa chini ya jina Loss mer singe, maneno yakigawiwa kwenye karatasi. Nenda hata mara moja, na Februari hutasimama mdomo wazi wakati mtaa mzima unaimba.

Düsseldorf: mji wa kutazama

Kwa treni ni takriban nusu saa kutoka Köln, na ukitamka "Alaaf" hapa utazomewa. Salamu ni "Helau!". Bia pia hubadilika: hapa ni Altbier ya rangi ya kahawia, na hakuna anayeagiza Kölsch, bia ya Köln.

Kinachoibeba Düsseldorf ni magari ya siasa ya Jacques Tilly, mchongaji ambaye kazi zake za karatasi, waya na mbao hufichwa hadi asubuhi ya Rosenmontag yenyewe. Marais, mapapa, mawaziri wakuu, wote hupita wakiwa na vichwa vya ukubwa wa chumba, bila staha yoyote. Picha zake hufika kwenye magazeti ya dunia jioni hiyohiyo. Kwa mtu anayependa vibonzo vya magazetini, hakuna gwaride Ujerumani linalolipa kama hili, na huhitaji Kijerumani kizuri kulielewa. Ila soma habari za wiki mbili zilizotangulia, la sivyo nusu ya utani utakupita.

Jumapili watu hutembea wakiwa na mavazi yao kwenye Königsallee, barabara ya maduka ya kifahari, bila gwaride rasmi, na ni saa nzuri za kupiga picha. Tarehe 11 Novemba mchekeshaji Hoppeditz huibuka kutoka kwenye chungu cha haradali mbele ya ukumbi wa mji, na Jumatano ya Majivu huzikwa kwa machozi mengi. Mbali na hayo, nje ya Rosenmontag, Düsseldorf haiifikii Köln kwa uchangamfu wa mitaani. Ni mji wa siku moja.

Mainz: mji wa ukumbini

Hapa neno ni Fastnacht, salamu ni "Helau!", na rangi ni nne: nyekundu, nyeupe, bluu na njano. Utaziona kwenye skafu, bendera na kofia. Chama kikongwe, Mainzer Carneval-Verein, kilianzishwa mwaka 1838.

Moyo wa Mainz ni Sitzung, kikao cha ukumbini. Wajumbe 11 huketi jukwaani, na msemaji hupanda ndani ya kitu chenye umbo la pipa kutoa hotuba kwa vina, akiwasema wanasiasa, maaskofu na majirani. Akipatia, bendi hupiga mlio mfupi na ukumbi hupaza "Helau!" mara tatu. Kikao huendelea kwa saa nyingi. Mzoefu wa kusikiliza malumbano ya mashairi ataipenda hali hii, ila tatizo ni lugha: Kijerumani cha darasani hakitoshi, kwa sababu vina vimejengwa juu ya lahaja ya Mainz na habari za mji. Asiyefikia kiwango cha juu asitoe pesa ya tiketi. Atazame kwanza kikao cha televisheni cha Ijumaa kabla ya Rosenmontag, kinachorushwa tangu 1955, aone kama anafuata. Mwenye uwezo atafute tiketi tangu msimu wa majani kupukutika. Januari huwa zimebaki za viti vya nyuma, kama zipo.

Mitaani, gwaride la Rosenmontag huanza saa 5 na dakika 11. Tafuta Schwellköpp, vichwa vikubwa mno vya karatasi na gundi vyenye sura za watu wa Mainz, vinavyobebwa na watu wanaochungulia kwenye tundu dogo. Watoto wadogo wengine huviogopa. Gwaride hugharimiwa kwa sehemu na Zugplakettchen, kidoli kidogo cha kuning'iniza shingoni kinachouzwa kwa yuro chache. Kinunue: ni zawadi nzuri, na kinamwonyesha mwenyeji kwamba umechangia. Chakula ni mkate mdogo, soseji na divai, kwa sababu mji umezungukwa na mashamba ya mizabibu. Jumamosi mchana watoto wa shule hupita kwenye gwaride lao kwa mavazi waliyotengeneza wenyewe, na kwa familia inayoishi upande wa Frankfurt hiyo ndiyo safari rahisi kuliko zote. Treni ya mjini hufika Mainz bila kubadilisha.

Anayepita Mainz wakati mwingine wa mwaka aende Schillerplatz kuona chemchemi ya Fastnacht ya mwaka 1967, mnara wa shaba wenye sanamu ndogo zaidi ya 200 zilizopandana.

Rottweil: mji wa barakoa

Sahau yote ya juu. Huku ni Fasnet, desturi ya Waswabia na Waalemanni, na mantiki yake ni nyingine kabisa. Kwenye Rhine mtu hubadilisha vazi kila mwaka. Rottweil vazi halibadiliki. Barakoa imechongwa kwa mbao, kanzu imechorwa kwa mkono, na vyote viwili hurithiwa kutoka kwa babu hadi mjukuu. Mwaka 2014 Fasnet hii na kanivali ya Rhine ziliingizwa pamoja kwenye orodha ya Ujerumani ya urithi usioshikika, lakini ukiziona utajua ni ndugu waliolelewa nyumba tofauti.

Tukio lenyewe ni Narrensprung, mruko wa wapumbavu, siku ya Jumatatu saa 2 kamili asubuhi, na tena Jumanne saa 2 asubuhi na saa 8 mchana. Saa ya mnara hupiga, bendi huanza wimbo wa maandamano ya wapumbavu, na kutoka chini ya tao la Schwarzes Tor, lango la zamani la mji, waliovaa barakoa hutokea mmoja baada ya mwingine, wakiruka kwa mdundo. Gschell ana uso laini wenye tabasamu, na mikanda ya ngozi iliyojaa kengele imemzunguka kifua. Biss ana uso wa hasira na meno nje. Fransenkleid amejaa nyuzi za kuning'inia. Schantle ni mzee mwenye mwavuli. Federahannes ndiye wa kumwangalia kwa makini: kanzu yake imeshonewa manyoya meupe, barakoa ina meno mawili ya nguruwe mwitu, na mkononi ana fimbo ndefu yenye mkia wa ndama kwenye ncha. Hukimbia, hujitegemeza kwenye fimbo, huruka juu, na akitua mbele yako mkia unakupitia usoni. Simama tu. Kurudi nyuma ndiko kunakomchochea. Sauti ya kengele hizo zikipita kwenye tao la mawe haisikiki kwenye televisheni.

Baada ya mruko usiondoke. Waliovaa barakoa hutawanyika mitaani na kwenye baa, kila mmoja na Narrenbuch, kitabu kilichochorwa visa vya aibu vya wenyeji mwaka uliopita. Humwendea mtu wanayemjua, hubadilisha sauti, humsomea kisa chake mbele ya watu, kisha humpa pipi. Mgeni hatasomewa, lakini akisimama karibu anaona sura ya anayesomewa ikibadilika, na hiyo inatosha.

Masharti ya mtazamaji ni machache na hayavunjwi. Usivae vazi la kuchekesha, koti lako la kawaida ndilo sahihi. Usiguse barakoa wala kengele. Usimvute mtu barakoa kutaka kumjua. Simama kwenye mteremko wa barabara kuu chini ya Schwarzes Tor, ufike mapema, na uvae soksi mbili, maana utasimama kwenye mawe baridi kwa muda wa karibu saa tatu.

Kinachowashinda wengi ni saa 2 asubuhi. Ukilala Stuttgart utaamka usiku wa manane. Hoteli za Rottweil ni chache na hujaa miezi kadhaa kabla, hivyo tafuta Villingen-Schwenningen au Tuttlingen, na kumbuka stesheni ya Rottweil iko mbali kidogo na mji wa kale: weka dakika 20 za kutembea. Tahadhari nyingine: miji jirani mingi ina vikundi vya wachawi wa mbao wanaomwaga karatasi ndani ya nguo, kunyang'anya kofia au kiatu na kubeba watazamaji. Rottweil hakuna wachawi. Kama hutaki kushikwa, usichague mji mwingine bila kuuliza.

Na München? Wana dansi za ukumbini, na Jumanne wanawake wenye vibanda vya soko la Viktualienmarkt hucheza wakiwa wamevalia vizuri. Inafaa kama tayari uko huko. Ngoma ya mafundi mapipa, Schäfflertanz, hufanyika kila baada ya miaka 7. Ilikuwa 2019 na 2026, kwa hiyo inayofuata ni 2033.

Mambo yanayoamua kwa msomaji wa Kiswahili

Chakula. Rottweil na vijiji vyake hukaanga Fasnetsküchle, vipande vya unga wa hamira visivyo na kitu ndani, ambavyo ukivishika mkononi ni mandazi. Lakini kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, hivyo Mwislamu aulize kabla ya kula. Pipi laini za kutafuna zinazorushwa kwenye magwaride mara nyingi zina jelatini ya nguruwe; soma pakiti kabla ya kumpa mtoto. Chokoleti na pipi ngumu kwa kawaida hazina tatizo hilo. Mwaka 2027 kuna la zaidi: Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, mwezi ukiandama, yaani palepale kwenye Rosenmontag. Anayetaka kwenda aende Jumapili, ambayo itakuwa vunjajungu kwake pia.

Pombe. Asiyekunywa atajisikia vizuri zaidi Rottweil asubuhi, kisha gwaride la Jumapili la Köln, kisha Jumamosi ya watoto Mainz. Alhamisi ya Köln asijisumbue.

Rangi ya ngozi. Bado wapo wanaojipaka weusi usoni na kuvaa sketi za majani wakijiita Waafrika. Mjadala juu ya jambo hilo unaendelea Ujerumani kwenyewe, na si kila anayefanya hivyo anataka ugomvi, lakini hakuna anayepaswa kulivumilia kama sehemu ya utamaduni. Nenda na rafiki, jua utajibu nini, na Köln tafuta Immisitzung, kikao kilichoanzishwa na watu wenye asili za nje, ambapo utani unatoka upande wetu.

Gharama. Kusimama barabarani kando ya gwaride la Köln, Düsseldorf au Mainz ni bure. Pesa hukimbilia malazi. Ukilala mji wa pili na kusafiri kwa Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ambayo tangu Januari 2026 ni yuro 63 kwa mwezi, treni zote za mikoa ziko wazi kwako, lakini si za masafa marefu kama ICE na IC. Ni mkataba unaojirudia: sitisha kabla ya tarehe 10 ya mwezi, au utalipa na unaofuata.

Uchaguzi wetu

Mwenye watoto: Köln Jumapili, au Mainz Jumamosi akiwa karibu. Andika namba yako ya simu kwenye kifundo cha mkono cha mtoto kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu mtandao wa simu hulegea umati ukiwa mkubwa. Mwanafunzi anayetaka kucheza na kuimba: Köln, Jumapili hadi Jumanne usiku, akiwa na pa kulala kabla ya kufika. Mpenda siasa: Düsseldorf Rosenmontag, arudi jioni. Mwenye Kijerumani kizuri: Mainz ukumbini. Anayetaka kuona kitu ambacho hataona popote pengine: Rottweil Jumatatu, na kati ya yote haya ndicho tunachokiweka mbele.

Aliye Dar es Salaam au Nairobi anaweza kutazama mtandaoni kupitia WDR, kituo cha televisheni cha eneo la Köln. Gwaride la Köln likianza saa 4 asubuhi, huku ni saa 6 mchana.

Upepo ndio adui mkubwa kuliko mvua. Februari 2016 Düsseldorf na Mainz zilifuta magwaride ya Rosenmontag kwa sababu ya dhoruba, na Düsseldorf ikaliandaa lake upya tarehe 13 Machi, katikati ya Kwaresima, huku Köln ikiendelea siku ileile bila farasi. Kwa hiyo chukua hoteli inayorudisha pesa, na asubuhi hiyo soma tangazo la waandaaji kabla hujapanda treni.